Sahani Hairudi Tupu

Mwaka wangu wa pili chuoni ulipokaribia kuanza nilikuwa nimepungukiwa faranga 60,000 za kukamilisha usajili. Shangazi yangu, ambaye ninaishi kwake Biryogo, alikuwa amekwisha kutoa alichokuwa nacho. Jioni moja jirani yetu, mama mtu mzima ambaye watoto wote wa mtaa humwita Bibi, aliniita kwake. Bibi huuza mandazi na chai ya maziwa barazani. Alifungua fundo la kitenge, akahesabu noti za elfu moja moja hadi zikatimia sitini, akanikabidhi. Hakuniuliza nitalipa lini. Alisema tu, "Kasome, mjukuu wangu."

Miezi minane baadaye nilipata kibarua cha kufundisha Kiswahili watoto wa familia moja huko Remera. Nilijibana kwa miezi miwili. Kisha siku moja, nikiwa kwenye foleni ya basi pale Nyabugogo, nikatoa simu na kumtumia Bibi faranga 60,000. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Jioni ile ile fedha zilirudi kwenye simu yangu, zote. Nilidhani mjukuu wake amebonyeza vibaya. Nilipokwenda kwake nilimkuta anakanda unga. Hakuacha kukanda. Aliniuliza, "Nimekukosea nini hata unifukuze?"

Swali hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililozaa insha hii. Kwa hesabu ya kawaida sikumfukuza mtu yeyote. Nilipokea sitini, nikarudisha sitini. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami niliinywa dawa hiyo bila kusukumwa. Yawezekanaje basi kulipa deni kukawa kosa? Na kama ni kosa, ni kosa la namna gani, ilhali kila mzazi na kila mwalimu amenifundisha kwamba mwaminifu ni yule anayelipa?

Hoja yangu ni kwamba kubadilishana si jambo moja. Kuna kubadilishana kunakofunga uhusiano, kuna kunakouacha wazi, na kuna kunakoupeleka mbele kwa mtu wa tatu. Kila kimoja kina haki yake na hatari yake. Makosa yetu mengi ya kimaadili katika maisha ya kila siku hayatokani na kutoa au kutotoa, bali na kuchanganya aina moja na nyingine.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi kubadilishana kimebeba kiambishi cha kutendana, -an-, kile kile kilichomo katika kupendana na kupigana. Mtu anaweza kubadili nguo peke yake chumbani, lakini hawezi kubadilishana peke yake. Lazima awepo wa pili. Na tazama ni vitu vingapi tunavyovitia ndani ya neno hilo moja: tunabadilishana bidhaa, namba za simu, zamu kazini, mawazo darasani, pete kwenye ndoa, na tunapokasirika tunabadilishana maneno makali. Mfanyabiashara, bibi harusi na mgomvi wote wanatumia kitenzi kimoja.

Lugha zetu pia zinakumbuka kwamba anayetoa na anayepokea wako katika tendo moja. Katika Kinyarwanda, kununua ni kugura na kuuza ni kugurisha, yaani kumfanya mwingine anunue. Kubadilishana kitu kwa kitu ni kugurana, na fidia anayopewa mtu ambaye shamba lake limechukuliwa kwa manufaa ya umma huitwa ingurane. Katika Kiswahili tunasema kukopa na kukopesha, shina moja kwa pande mbili. Kuazima ndiko kunakostaajabisha zaidi: anayetoa huazima na anayechukua naye huazima, hata mgeni wa lugha huuliza, "Sasa kitabu ni cha nani?" Inaonekana waliotutangulia hawakuona haja ya kuwatenganisha mapema mno watu hawa wawili.

Sasa twende sokoni, kwa sababu huko ndiko wengi wetu hujifunza kwa mara ya kwanza maana ya haki. Ninapokwenda soko la Kimironko kununua maharage, husalimiana kwanza na muuzaji. Yeye hutaja bei, mimi humwomba apunguze, yeye hulalamika kwamba ninataka kumla, nami najifanya kuondoka. Mwishowe tunapatana. Angalia neno hilo: kupatana ni kukubaliana bei, na kupatana ni pia kuondoa ugomvi. Waswahili walikwisha kuona kwamba bei nzuri ni aina ya amani, ndiyo maana wakasema biashara haigombi.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha maandiko yake ya maadili yanayoitwa ya Nikomako, alijiuliza mjenzi wa nyumba na fundi wa viatu wanawezaje kubadilishana kazi zao, maana nyumba moja si sawa na jozi moja ya viatu. Jibu lake ni kwamba lazima kiwepo kipimo cha kuvilinganisha vitu visivyolingana, na kipimo hicho ni fedha, inayosimama mahali pa mahitaji yetu. Adam Smith naye aliandika mwaka 1776 kwamba hatutegemei huruma ya muuza nyama wala ya mwoka mikate ili tupate chakula cha jioni; tunategemea kwamba nao wana faida yao. Wapo wanaoisoma hoja hiyo kama sifa ya ubinafsi. Mimi naisoma kama sifa ya uhuru. Mama wa Kimironko haniulizi ukoo wangu, dini yangu wala kijiji cha baba yangu. Haniulizi kama ninampenda. Akipima kwa haki nami nikilipa kwa haki, kila mmoja anakwenda zake akiwa amesimama wima. Katika nchi yenye historia kama ya kwetu, si jambo dogo kuwa na mahali ambapo mtu haulizwi yeye ni nani.

Lakini haki hii ya soko ina sifa moja ambayo sikuwa nimeitilia maanani kabla ya jioni ile barazani kwa Bibi. Inafunga. Baada ya kulipa tunasema, "Haya, tumemalizana." Hebu tulisikilize na neno hili. Hatusemi tumelimaliza deni tu. Tunasema tumemalizana, mimi nimemaliza nawe, wewe umemaliza nami. Kwa muuza maharage neno hilo ni baraka. Kwa mtu aliyekuita mjukuu ni talaka. Nadhani hilo ndilo alilolisikia Bibi simu ilipolia: kijana amemalizana nami.

Chombo nilichotumia kilizidisha kosa. Fedha ya kila zama imekuwa na namna yake ya kuwakutanisha watu. Zamani katika nchi hii ng'ombe na jembe vilitumika katika mahari, na kandokando ya Ziwa Kivu wafanyabiashara walitumia bangili za nyuzi za kusukwa zilizoitwa butega. Wafanyabiashara kutoka pwani walipofika Kigali walileta nguo na Kiswahili pamoja, na mtaa wetu wa Biryogo ni mmoja wa warithi wa safari hizo. Faranga ya Rwanda yenyewe ilianza mwaka 1964. Tangu mwaka 2010 tumekuwa na fedha za simu, nazo zimetuondolea shida nyingi. Sitaki kuzisema vibaya. Lakini mwenye kuleta ng'ombe alilazimika kutembea naye, kufika, kukaa, kunywa kitu. Mwenye kuleta noti alilazimika angalau kunyoosha mkono na kutazama uso. Mimi nilimaliza uhusiano wa miaka kumi kwa kubonyeza namba za siri, huku jicho langu likiangalia kama basi limefika. Sikumwona Bibi. Laiti ningemwona, huenda ningegundua kosa kabla ya kulitenda.

Sasa tuitazame aina ya pili. Katika mtaa wetu, jirani akikuletea futari au biriani ya Idi, sahani hairudi tupu. Hairudi siku ile ile pia. Utaikaa nayo siku tatu, juma moja, kisha siku utakayopika kitu cha maana utaijaza na kuirudisha. Mtu akirudisha sahani papo hapo ikiwa na chakula cha thamani ile ile, watu watamshangaa. Akiirudisha tupu, watamsema. Mfaransa Marcel Mauss, katika kazi yake juu ya zawadi iliyotoka mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi duniani zawadi huonekana kuwa ya hiari lakini hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Pierre Bourdieu baadaye aliongeza kwamba siri iko katika muda. Kati ya kupokea na kurudisha lazima upite muda, na kinachorudi lazima kiwe tofauti na kilichotolewa. Kurudisha kitu kile kile mara moja ni sawa na kukikataa.

Wanyarwanda hawakumngoja Mauss. Wana methali isemayo akebo kajya iwa Mugarura, kikapu huenda kwa yule anayerudisha. Na kwa bahati nzuri Kinyarwanda kina vitenzi viwili mahali ambapo Kiswahili hutumia kimoja. Kulipa bili, nauli au mkopo ni kwishyura. Kurudisha wema ni kwitura. Husemwa ineza yiturwa indi, wema hujibiwa kwa wema mwingine. Katika Kiswahili twasema kulipa fadhila kwa kitenzi kile kile cha kulipa bili ya maji, na pengine ndiyo sababu mwanafunzi wa Kiswahili kama mimi alikosea kwa urahisi. Bibi alistahili kwitura. Mimi nilifanya kwishyura. Hesabu ilikuwa sahihi na kitenzi hakikuwa sahihi.

Msomaji makini ataniambia kwamba ninaipamba zawadi kupita kiasi. Je, sote hatujui harusi ambako michango huandikwa daftarini, jina kwa jina na kiasi kwa kiasi? Gutwerera, yaani kuchangia harusi, ni jambo zuri, lakini kuna watu huitazama orodha ya zamani kabla ya kuamua watatoa kiasi gani: yule alinipa elfu kumi, nami nitampa elfu kumi. Hiyo ni zawadi au ni benki? Nakubali kwamba mpaka kati ya viwili hivi hauko wazi. Nakubali pia kwamba daftari lina faida, maana mali bila daftari huisha bila habari. Ninachosema ni kwamba daftari linapoanza kuamua badala ya kukumbusha, harusi imekuwa soko, na afadhali tuiite soko.

Kuna pingamizi kubwa zaidi, nalo linatoka katika historia ya nchi yetu wenyewe. Zawadi isiyoweza kulipwa inaweza kuwa mnyororo. Katika mfumo wa ubuhake, shebuja alimpa umugaragu ng'ombe wa kutunza na kunufaika naye, pamoja na ulinzi wake, naye umugaragu alimtumikia kwa kazi na utii. Hakukuwa na siku ya kumalizana. Ng'ombe alikuwa wa mtu na si wake, na shebuja aliweza kumchukua. Lugha iliyotumika ilikuwa ya ukarimu na uaminifu, lakini mmoja alizidi kuwa juu na mwingine alizidi kuwa chini. Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa aliufuta mfumo huo mwaka 1954. Nikikumbuka hilo, naona kwamba bei ina heshima yake. Aliyelipa amekuwa huru, na kuna watu wengi katika historia ambao wangefurahi mno kuweza kusema, "Tumemalizana."

Hapa sina budi kukiri jambo. Sikumtumia Bibi fedha kwa uaminifu peke yake. Nilimtumia pia kwa woga. Kila nilipopita mbele ya baraza lake nilihisi kwamba nina deni, na kwamba siku moja ataniomba kitu nisichoweza kukataa. Nilitaka kuinunua tena nafsi yangu. Niliogopa kuwa umugaragu wa mwanamke anayeuza mandazi. Nilipolitazama wazo hilo kwa utulivu niliona aibu, kwa sababu Bibi hakuwahi kunituma hata dukani. Ila woga wenyewe haukuwa upumbavu. Sote tunawajua watu ambao fadhila zao zina ndoano: aliyekutafutia kazi kisha akataka umchagulie marafiki, mwenye nyumba "aliyemsamehe" msichana kodi kisha akaanza kubisha hodi usiku. Na rushwa ni nini, kama si biashara iliyovaa nguo za zawadi? Ndiyo maana mtoa rushwa hasemi "bei". Husema "chai", husema "asante kidogo". Anaazima lugha ya ukarimu kwa sababu anajua kwamba kinachouzwa hapo hakikupaswa kuuzwa.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo cha kutofautisha zawadi na mnyororo, na usawa peke yake hautoshi kuwa kipimo hicho. Ushahidi uko katika lugha yetu. Kutoka katika lipa tumepata malipo, lakini tumepata pia kulipiza, na tunacholipiza ni kisasi. Kisasi ndicho ubadilishanaji ulio sawa kuliko wote: jicho kwa jicho, bila punguzo na bila riba. Kama usawa wa kilichotolewa na kilichorudishwa ungekuwa ndio haki yote, basi mlipiza kisasi angekuwa mwenye haki kuliko sote.

Nchi yetu ililazimika kulifikiria jambo hili kwa uchungu. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mahakama za Gacaca, zilizoanza kazi mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza pia kesi za mali: mabati, milango, mifugo na mavuno yaliyoporwa. Kwa bati lililoporwa mahakama iliweza kuamuru fidia, kwa sababu bati lina bei. Kwa mtu aliyeuawa hakuna ingurane. Adhabu ilitolewa, lakini adhabu haikuwa malipo. Na pale ambapo msamaha ulitolewa, nao haukuwa malipo. Katika Kinyarwanda imbabazi huombwa, na anayeombwa ana haki kamili ya kukataa. Kinachonunuliwa hakikataliwi fedha zikitimia; msamaha unaweza kukataliwa hata mwombaji akilia. Nilijifunza hapo kwamba kuna mambo yaliyo nje ya kubadilishana kabisa, na kwamba anayeyatafutia bei huwajeruhi watu mara ya pili.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki. Zawadi ni njema ikiwa mpokeaji anabaki huru kuamua lini, kwa namna gani, na hata kwa nani ataurudisha wema ule. Ikiwa mtoaji ndiye anayeamua yote matatu, hiyo si zawadi. Ni mkataba ambao upande mmoja umefichwa, na katika hali hiyo ni haki, tena ni wajibu, kulipa haraka na kuondoka. Shebuja aliamua lini, namna gani na kwa nani. Mwenye nyumba anayebisha hodi usiku anaamua lini na namna gani. Bibi hakuamua lolote kati ya hayo. Nilimtendea kama shebuja mtu ambaye hakuwahi kunishika mkono.

Maneno "kwa nani" yananileta kwenye aina ya tatu. Mwaka 2006 Rwanda ilianzisha mpango wa Girinka, ambao humpa ng'ombe mmoja kila familia maskini iliyochaguliwa. Familia inapata maziwa ya watoto na samadi ya shamba. Ng'ombe akizaa ndama jike wa kwanza, ndama huyo harudishwi kwa aliyetoa ng'ombe. Hupewa jirani mwingine ambaye hana. Tendo hilo la kumkabidhi jirani ndama huitwa kwitura. Linganisha na ubuhake: mnyama ni yule yule na mtoaji yupo vile vile, lakini njia ya deni imegeuzwa. Katika ubuhake wajibu ulirudi juu kwa shebuja daima. Katika Girinka wajibu unakwenda pembeni, kwa jirani, na baada ya hapo ng'ombe ni wako. Sisemi kwamba kila ndama amefika alikotakiwa kufika. Wanadamu ni wanadamu. Nasema wazo lenyewe ni somo la maadili, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na deni bila kuwa na bwana.

Nikilitazama jambo langu kwa mwanga huo, naona kwamba watu wengi walionifikisha hapa siwezi kuwalipa. Aliyenifundisha kusoma amestaafu. Jirani aliyenibeba hospitali nikiwa na miaka minne alikwisha kufariki. Kama kulipa ni kwishyura tu, basi nitakufa mdaiwa. Kama ni kwitura, njia iko wazi kila asubuhi.

Rafiki yangu mmoja, aliyeisoma rasimu ya insha hii, aliniuliza swali gumu: "Haya yote ni mazuri, lakini Bibi ni maskini. Unga umepanda bei. Falsafa yako imekuwa kisingizio cha kubaki na fedha zake." Pingamizi hilo ni la haki, na sikutaka kulikwepa. Uzuri wa maneno usiwe mfuko wa kufichia elfu sitini za mama anayeamka saa kumi alfajiri.

Basi nitasema nilichofanya. Siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani nilinunua mfuko wa unga wa ngano wa kilo 25, nikaupandisha mlima wa Biryogo begani na kuuweka mlangoni kwa Bibi. Jasho lilinitoka na nusu ya mtaa iliniona. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Yeye alisema, "Weka pale ndani, panya wasiuone," akanimiminia chai. Mwezi wa pili yake nilipeleka mafuta ya kupikia. Na kila Jumamosi baada ya alasiri humsaidia mjukuu wake hesabu na Kiswahili, maana anajiandaa kwa mtihani wa darasa la sita.

Je, unga si fedha iliyobadilishwa umbo? Kwa muuza duka, ndiyo. Kwa Bibi, hapana. Fedha niliyotuma kwa simu ilimwambia, "Nakumbuka kiasi." Unga ulimwambia, "Nakumbuka unachofanya kila alfajiri." Tena haukuwa sawa na elfu sitini, na kwa hiyo haukufunga kitu. Sijui sasa nani anamdai nani, na nadhani yeye pia hajui. Hali hiyo ya kutojua ndiyo niliyoiogopa hapo mwanzo, na sasa naona ndiyo inayoitwa ujirani.

Zile faranga 60,000 zilizorudi kwenye simu sikuzitumia kwa muda mrefu. Muhula huu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alikwama kwenye usajili kama nilivyokwama mimi. Nilimpa sehemu ya fedha hizo, ile aliyokuwa amepungukiwa. Aliniuliza, "Nikulipe lini, kaka?" Nilitaka kumweleza habari za Mauss, za ndama na za vitenzi viwili. Nilikumbuka kwamba Bibi hakunieleza chochote. Nikamwambia akasome.

Kwa kuhitimisha, sikatai kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nasema tu kwamba kabla ya kunywa dawa, mtu aulize kwanza kama anaumwa. Yako madeni ambayo ni ugonjwa, na hayo tuyalipe upesi, kwa noti kamili na kwa risiti. Yako mengine ambayo ni damu inayozunguka mwilini. Ukiyatoa yote, umejiua. Hekima ni kujua tofauti, na nimeona kwamba haipatikani kwa kuhesabu. Inapatikana kwa kumtazama usoni aliyekupa.

Sahani ya Bibi, ile ya bluu yenye ufa pembeni, iko kwetu tangu juzi. Shangazi anasema kesho tutapika pilau.